Somo kwa Wawakilishi wa Matawi: Sheria ya Makato Inapobadilika



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya madai, mikutano na mikataba. Leo tunaingia mahali ambapo wawakilishi wengi hawapendi kuingia, nako ni ofisi ya mishahara.

Dereva mmoja wa malori ya masafa marefu alikwenda kwa mwakilishi wake akiwa na hati mbili za mshahara mkononi. Mshahara ulikuwa ule ule, lakini fedha alizopokea zilikuwa zimepungua, na katika hati ya pili kulikuwa na mstari ambao haukuwamo katika ile ya kwanza. Akauliza, "Ndugu, hii ni sheria au ni wizi?" Mwakilishi hakuwa na la kusema. Wakaenda wote wawili kwa karani wa mishahara, naye akajibu, "Ndivyo kompyuta inavyotoa."

Swali la dereva lilikuwa la haki kabisa. Jibu la karani halikuwa jibu. Kompyuta haisomi sheria. Inatoa kile kilichowekwa ndani yake na mtu fulani, siku fulani, kwa kufuata karatasi fulani. Mtu huyo ni nani, siku hiyo ni ipi na karatasi hiyo iko wapi? Mahali pa kazi ambapo mambo hayo matatu yanajulikana, sheria ikibadilika hapatokei fujo. Pasipojulikana, hata mwajiri mwenye nia njema atawakata watu visivyo.

Wako watakaosema kwamba kutimiza sheria ni kazi ya mwajiri, sisi inatuhusu nini? Ni kweli kwamba faini huandikwa kwa jina la mwajiri. Lakini hasara humkuta mfanyakazi. Yeye ndiye anayesimama mbele ya dirisha la hospitali akiambiwa mchango wake haujafika. Yeye ndiye anayestaafu na kukuta miezi mitupu katika hesabu yake. Kwa hiyo yatupasa kujua utaratibu huo unavyojengwa, ili tuweze kuudai.

YALIYOTOKEA KENYA

Tutachukua mfano wa jirani zetu wa Kenya. Wanachama wetu wengi wameajiriwa na kampuni zenye ofisi Nairobi na Mombasa, na wengine wanalipwa kutoka huko. Tena si rahisi kupata mfano mwingine ambamo makato yalibadilika mara nyingi namna hiyo katika muda wa miaka miwili tu.

Kwa miaka mingi mchango wa NSSF nchini Kenya ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, mshahara uwe mkubwa au mdogo. Karani aliweza kuanza kazi akiwa kijana na kuzeeka bila kuigusa namba hiyo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi. Septemba 2022 mahakama ya kazi ilisema sheria hiyo ni kinyume cha Katiba. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na mwezi ule ule makato mapya yakaanza: asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, lakini kwa mshahara usiozidi kikomo cha shilingi 18,000, yaani shilingi 1,080 kwa kila upande. Februari 2024 kikomo kikapanda hadi 36,000. Februari 2025 kikapanda tena hadi 72,000. Na katikati ya hayo, Februari 2024, Mahakama ya Juu ikasema mahakama ya kazi ilikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi ile, ikairudisha kwa Mahakama ya Rufaa ikaamuliwe kwa undani wake. Makato hayakusimama.

Ushuru wa nyumba ulikuwa na safari ya kuyumba zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka kuwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kwa mfanyakazi, na kiasi kama hicho kwa mwajiri, kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Siku moja kabla, Mahakama Kuu ikaisimamisha sheria. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaifungulia. Wale waliowahi kufanya kazi ya mishahara wanajua tarehe 28 ni siku gani: ofisi nyingi zimekwisha kufunga hesabu za mwezi. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikautangaza ushuru huo kuwa kinyume cha Katiba, lakini ikaruhusu uendelee kukatwa kwa muda. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo. Ushuru ukasimama. Kisha tarehe 19 Machi 2024 Rais akatia sahihi sheria mpya ya nyumba, na ushuru ukarudi katikati ya mwezi kwa kiwango kile kile cha asilimia 1.5.

Bima ya afya nayo haikusalimika. Chini ya mfuko wa zamani wa NHIF mfanyakazi alilipa kwa ngazi, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. Sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 makato mapya yakaanza: asilimia 2.75 ya mshahara wote, si chini ya shilingi 300, wala hapana kikomo cha juu. Mwenye mshahara wa 20,000 alipata nafuu, maana zamani alilipa 750 na sasa ni 550. Mwenye 40,000 alipanda kutoka 1,000 hadi 1,100. Mwenye mshahara mkubwa ndiye aliyepanda sana.

Kulikuwa na badiliko jingine ambalo wengi hawakuliona. Kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 sheria ya kodi ilibadilishwa ili ushuru wa nyumba na mchango wa afya viondolewe katika mshahara kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Hapo awali kodi ilihesabiwa kwanza, halafu mfanyakazi akapewa unafuu wa asilimia 15 ya michango hiyo. Viwango havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mpango wa hesabu wenyewe, nini kinatangulia na nini kinafuata.

Tumchukue mfanyakazi wa mshahara wa 50,000. Januari 2023 alikatwa NSSF 200 na NHIF 1,200, jumla 1,400. Februari 2025 alikatwa NSSF 3,000, nyumba 750 na afya 1,375, jumla 5,125. Ongezeko ni shilingi 3,725. Lakini kodi yake ilipungua kwa shilingi 1,297 hivi, kwa sababu michango hiyo sasa huondolewa kabla ya kodi. Hivyo kilichopungua mkononi mwake ni kama shilingi 2,427. Mwakilishi anayejua kueleza hesabu hii hadi mwisho, pamoja na ile sehemu inayompa mfanyakazi nafuu, ataaminiwa na wanachama na hata na mwajiri. Anayepiga kelele za 3,725 tu atanyamazishwa na mhasibu kwa dakika moja.

MAHALI UTARATIBU UNAPOVUNJIKA

Mwaka 2023 mimi mwenyewe nilikuwa bado karani wa mishahara katika kampuni moja ya usafirishaji yenye wafanyakazi pande zote mbili za mpaka. Jedwali la mishahara nililirithi kwa mzee aliyestaafu. Lilikuwa safi, na kwa miaka yote halikuwahi kunisumbua. Makato mapya ya NSSF yalipoanza nilibadilisha namba katika orodha kubwa, nikaridhika. Sikujua kwamba ile 200 mzee alikuwa ameiandika pia ndani ya orodha ndogo ya watu walio likizo ndefu na wagonjwa, ambayo hesabu zake zilikuwa peke yake.

Wafanyakazi watatu waliendelea kukatwa shilingi 200 kwa miezi minne. Waliopungukiwa walikuwa wao kwa upande wao, na mwajiri kwa upande wake. Tulijua baada ya mmoja wao kuleta taarifa ya NSSF akiuliza kwa nini mwenzake wa mshahara sawa ana akiba kubwa kuliko yake. Tofauti ilikuwa 880 kwa mwezi, jumla 3,520. Meneja akaamuru ikatwe yote mara moja. Mwezi huo ulikuwa wa kulipa karo. Mmoja wa wale watatu aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na alikuwa na haki ya kuyasema.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuruhusu namba moja ya sheria iishi mahali pengi. La pili lilikuwa kutojaribu hesabu kwa watu wa aina mbalimbali kabla ya kulipa. La tatu halikuwa langu peke yangu: hapakuwa na mpango wowote ulioandikwa wa namna ya kurekebisha kosa, kwa hiyo meneja alikata kadiri alivyoona.

Kuna mavunjiko mengine. Wako waajiri wanaosikia habari redioni na kuanza kukata. Muswada si sheria. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulikwisha kupitishwa na Bunge, na watu walikwisha kuanza kuandaa hesabu zake. Baada ya maandamano makubwa ya tarehe 25 Juni 2024, Rais alikataa kuutia sahihi kesho yake, na ukaondolewa. Kinyume chake wako waajiri wanaongoja barua iletwe mlangoni. Sheria haingoji barua. Hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, nayo ina tarehe yake ya kuanza, ambayo mara nyingine si tarehe ya kutiwa sahihi.

Halafu kuna jambo la theluthi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, yaani mfanyakazi abakiwe na theluthi moja. Kwa mshahara wa 50,000 theluthi ni 16,667. Fikiria mtu aliyekopa chama cha akiba na mikopo mwaka 2022, akabakiwa na 18,000 kila mwezi. Siku ile mkopo ulikuwa halali. Kufikia Februari 2025, bila ya yeye kukopa hata senti moja zaidi, anabakiwa na kama 15,570. Sasa kampuni inavunja sheria kwa kutimiza sheria! Kodi na michango ya serikali haiwezi kupunguzwa, kwa hiyo ni marejesho ya mkopo yanayopaswa kurefushwa. Lakini nani atamwita mfanyakazi na chama cha mikopo wazungumze? Kama hakuna aliyepewa kazi hiyo, hakuna atakayeifanya, na mtu ataendelea kwenda nyumbani na fedha za nauli tu.

UTARATIBU UNAVYOJENGWA

Hapana budi tuanze na jedwali, kwa sababu ndilo msingi. Viwango vyote vya sheria viandikwe mahali pamoja, nje ya hesabu yenyewe. Kila mstari uonyeshe jina la kato, kiwango chake, kikomo kama kipo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na sheria au amri ya mahakama iliyoliweka. Hesabu ya mshahara iende kuuliza jedwali: kwa mwezi huu kiwango ni kipi? Ushuru wa nyumba ukisimamishwa, karani hafuti kitu. Anaweka tarehe ya kuisha. Ukirudi, anaongeza mstari mpya wenye tarehe yake. Namba ya zamani isifutwe kamwe. Mfanyakazi akidai malimbikizo ya Mei 2023 mwaka huu, yatahesabiwa kwa kiwango cha Mei 2023, na mwenye kufuta namba za zamani atabaki kubahatisha.

Jedwali hili halihitaji mashine ya ghali. Kampuni yenye watu ishirini yaweza kuliweka katika daftari la mistari. Nimeona wauzaji wa programu za mishahara wakiahidi kwamba programu yao hujirekebisha yenyewe sheria ikibadilika. Labda. Lakini ulizeni ni nani anayeirekebisha, kwa muda gani, na kama iliweza kupokea lile badiliko la Desemba 2024, ambapo si kiwango kilichobadilika bali mpango wa hesabu. Programu nyingi hupokea namba mpya kwa urahisi; kupanga hesabu upya ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo hatua za hesabu nazo ziandikwe kwa maneno ya kawaida, moja baada ya nyingine, pamoja na tarehe zake: kwanza ondoa hiki, kisha hiki, halafu hesabu kodi.

Baada ya jedwali anakuja mtu. Awepo mmoja aliyetajwa kwa cheo chake, mwenye kazi ya kusoma Gazeti Rasmi na matangazo ya mamlaka ya kodi na ya mifuko, na awepo wa pili wa kushika nafasi yake akiwa likizo. Sheria haichagui siku ambayo mhasibu yuko kazini. Akiona badiliko, asikimbilie kompyuta. Aandike karatasi moja fupi: sheria inasema nini, inaanza lini, inawagusa nani, na jambo gani halieleweki. Hilo la mwisho ndilo lenye maana kuliko yote. Machi 2024 jambo lisiloeleweka lilikuwa hili: ushuru umerudi tarehe 19, je, mshahara wa Machi ukatwe mzima au kwa siku zilizobaki? Januari lilikuwa: amri imetoka tarehe 26, je, aliyekwisha kukatwa arudishiwe? Mambo kama haya yakiamuliwa kimyakimya na karani mmoja, kila kampuni huwa na sheria yake. Yaamuliwe na mwenye madaraka, yatiwe sahihi, na sababu iandikwe. Uamuzi ukija kuonekana una kosa, angalau utajulikana ulikuwa wa nani na ulitegemea nini.

Kabla ya kulipa, hesabu mpya ijaribiwe kwa watu wachache wa hali tofauti: wa mshahara mdogo kabisa, wa katikati, wa juu ya kikomo, aliye likizo, aliyeanza kazi katikati ya mwezi, na mwenye mkopo mkubwa. Mtu mwingine apige hesabu hizo kwa mkono. Kazi hiyo ni ya saa mbili. Ningeifanya mwaka 2023, wale watatu wasingepoteza miezi minne.

Tufike sasa kwenye kupeleka fedha. Hati ya mshahara inaonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichofika. Hapa ndipo wanachama wengi hudanganyika. Utaratibu mzuri unakuwa na hatua ya mwisho ambapo jumla iliyokatwa inalinganishwa na risiti ya mfuko, jina kwa jina. Tarehe nazo ziangaliwe. Nchini Kenya NSSF na mchango wa afya hutakiwa kufika kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata, lakini ushuru wa nyumba ni ndani ya siku 9 za kazi. Tarehe 9 na siku ya tisa ya kazi si kitu kimoja. Kwetu Uganda NSSF ni ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Kampuni yenye watu katika nchi mbili na kalenda moja tu itachelewa upande mmoja.

Siku hizi mwanachama wa NSSF, Kenya na Uganda pia, aweza kuangalia michango yake kwa simu. Mwakilishi na awahimize watu wake kufanya hivyo kila mwezi wa tatu. Macho mia yaona upesi kuliko mkaguzi mmoja anayekuja mara moja kwa mwaka.

Mwisho kuna marekebisho. Iandikwe mapema kwamba aliyekatwa zaidi atarudishiwa katika mshahara unaofuata. Aliyekatwa pungufu kwa kosa la ofisi asitozwe kwa mkupuo. Iandikwe kwamba ofisi itakaa naye na kukubaliana miezi ya kulipa, na kwamba faini ya kuchelewa haimhusu. Jambo hili likingojwa hadi kosa litokee, wenye hasira huwa wengi na wenye kusikiliza wachache.

KWETU NA KWA JIRANI WENGINE

Msidhani haya ni ya Kenya tu. Hapa Uganda, hadi mwaka 2022 mwajiri mwenye waajiriwa chini ya watano hakulazimika kuchangia NSSF. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliondoa kizingiti hicho: kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, achangie asilimia 10 naye mfanyakazi asilimia 5. Kiwango hakikubadilika; waliobadilika ni wale wanaoguswa na sheria. Wenye maduka na karakana ndogo waliozoea kusema "sheria hiyo si yetu" walijikuta ndani yake. Marekebisho hayo hayo yaliruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na aliyechangia miaka 10 kuchukua asilimia 20 ya akiba yake, na hapo wengi waligundua kwa mara ya kwanza miezi ambayo mwajiri hakupeleka kitu.

Rwanda waliongeza mchango wa pensheni kutoka asilimia 6 hadi 12 kuanzia Januari 2025, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Tanzania mchango wa mwajiri binafsi kwa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ulishuka, kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Sheria haipandi tu, hushuka pia, na mwajiri anayesahau kushusha hupoteza fedha ambazo zingeweza kuingia katika mazungumzo ya mshahara. Mwakilishi mwerevu hulikumbuka jambo hilo siku ya mkutano.

Hata namba za vifungu hubadilika. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Uganda inatumia toleo jipya la sheria zake zilizopangwa upya, na vifungu vingi vimepata namba nyingine. Mwakilishi aliyekariri kifungu kwa namba, akaitaja mbele ya mwanasheria wa kampuni, aweza kuaibishwa bure hali madai yake ni ya kweli. Tajeni jambo kwa jina lake, na mwaka wa toleo mnalosoma.

Je, chama kiombe nini? Kwa maoni yangu tusiombe kuendesha ofisi ya mishahara. Kazi hiyo ni ya mwajiri, naye anapaswa kuijibia. Tuombe mambo matatu yaingizwe katika mkataba wa pamoja. La kwanza, mstari wowote mpya au uliobadilika katika hati ya mshahara utangazwe ubaoni kwa lugha wanayoifahamu wafanyakazi, siku saba kabla ya malipo, ukitaja sheria na tarehe. Na sheria ikitoka baada ya hapo, siku ile ile. La pili, mwakilishi aonyeshwe risiti za kupeleka michango kila robo mwaka. La tatu ni lile la marekebisho tuliloeleza. Waajiri wengi hukubali la kwanza bila shida kwa kuwa linawapunguzia maswali. La pili ndilo wanalolikwepa, hasa kwa kisingizio cha siri ya mishahara. Jibu ni kwamba hatuhitaji kuona mshahara wa mtu yeyote. Twahitaji jumla, tarehe, na orodha ya majina yaliyochangiwa.

MASWALI KWA KIKUNDI CHA MASOMO

1. Kila mmoja alete hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita na ya mwezi kama huo mwaka jana. Mistari ipi imebadilika? Kwa kila mstari, semeni ni sheria gani na ilianza lini. Mstari ambao hakuna anayeweza kuueleza uandikwe pembeni, upelekwe kwa karani kwa barua.

2. Mfanyakazi wa Kenya ana mshahara wa 30,000. Hesabuni mchango wake wa NSSF Februari 2023 na Februari 2025, ushuru wa nyumba, na mchango wa afya kabla na baada ya tarehe 1 Oktoba 2024, mkijua kwamba NHIF alilipa 900. Theluthi yake ni kiasi gani?

3. Mahakama imesimamisha kato fulani tarehe 26, nanyi mlilipwa tarehe 25. Kikundi kigawanyike pande mbili, moja iwe mwajiri na nyingine chama, mzungumze mpaka mpate maneno ya kutia sahihi.

4. Kazini kwenu, karani wa mishahara akiugua leo, nani anajua kiwango kipya kiliwekwa wapi? Mwakilishi akaulize kabla ya kikao kijacho, alete jina.